Kisogo cha Mwana: Mzazi na Mtoto Mdogo katika Fasihi ya Kiswahili

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, neno malezi limezoea kuandamana na neno wasia. Mwanafunzi akiulizwa fasihi hii inasema nini juu ya mzazi na mwanawe, hukimbilia Utenzi wa Mwana Kupona, kisha Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili za Shaaban Robert, kisha riwaya moja au mbili zenye baba mkali na binti aliyepotoka. Jibu hilo si kosa. Lakini lina pengo ambalo halijatazamwa vya kutosha: katika kazi hizo zote mtoto amekwisha kukua. Anasikia, anaelewa, anaweza hata kutumwa wino na karatasi. Miaka mitatu ya kwanza, ambayo ndani yake mtoto hushuka mgongoni mwa mamaye, huachishwa ziwa, husimama, huenda, na huanza kusema "sitaki", haimo.

Makala haya yanakusudia kuchunguza pengo hilo. Hoja yake ni kwamba pale fasihi andishi ilipomwacha mtoto mdogo, lugha yenyewe ilimpokea na kumhifadhi katika vitenzi vya malezi na katika methali. Humo, anayefunzwa si mtoto peke yake. Mzazi naye anafunzwa jambo gumu, nalo ni kuachia. Mhakiki anayepima malezi kwa wasia tu anasoma nusu ya habari, tena nusu ya mwisho.

Wasia kwa mtoto aliyekwisha kusimama

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikuwa amefariki miaka miwili kabla, naye mwenyewe alikuwa katika maradhi ambayo hakuinuka nayo. Alifariki yapata mwaka 1860. Bintiye, Mwana Hashima, alikuwa na umri wa miaka kama 17. Mama anamwita binti akae karibu naye pamoja na wino na karatasi, kisha anampa mausio juu ya radhi tano anazopaswa kuzitafuta: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Sehemu kubwa ya utenzi inamhusu huyo wa tano.

Mtoto mdogo anatokea katika utenzi huo, lakini anatokea kama tashbihi. Mama anamwusia binti amtunze mumewe kama anavyotunzwa kijana asiyejua kunena. Ubeti huo umezoea kujadiliwa kwa ajili ya yale unayosema juu ya mke na mume. Ni nadra kuulizwa unasema nini juu ya mtoto. Ili tashbihi ifanye kazi, kifananishwacho sharti kifananishwe na kitu kinachojulikana zaidi. Mwana Kupona hakuona haja ya kueleza jinsi mtoto asiyejua kunena anavyotunzwa: jinsi mlezi anavyousoma uso badala ya kungoja neno, anavyotambua kilio cha njaa na kilio cha usingizi, anavyotangulia haja kabla haijasemwa. Binti alikuwa amekwisha kuyaona hayo nyumbani. Ujuzi wote wa kulea mtoto mdogo umo ndani ya ubeti ule ukiwa umekunjwa, kama ujuzi ambao mwanamke wa Siu alikuwa nao bila ya kutungiwa utenzi.

Neno kijana nalo lina habari yake. Katika lahaja za kaskazini lilitumika kwa mtoto mdogo, kama umbo lake linavyoonyesha, maana asili yake ni mwana aliyetiwa kiambishi cha udogo. Katika Kiswahili Sanifu kijana ni mtu aliyebaleghe, aghalabu mwenye kutafuta kazi au mchumba. Neno limekua kama watoto wakuavyo. Mwanafunzi wa leo asiyeelezwa jambo hilo atadhani kwamba mume anafananishwa na barobaro aliye bubu, na hapo ubeti mzima utampotea.

Shaaban Robert (1909–1962) aliifuata njia hiyo hiyo. Utenzi wa Hati aliuelekeza kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Zote mbili zimo katika kitabu cha maisha yake, ambamo pia limo shairi la kumwombolezea mkewe Amina. Katika tenzi hizo baba anazungumza na msikilizaji aliye tayari kupokea maneno: dini, heshima, elimu, kazi, ulimi. Hata hapo mtoto ameketi, ametulia, anasikiliza. Mtoto wa miaka miwili hafanyi lolote katika hayo matatu.

Jambo moja linaziunganisha kazi hizi, nalo linaeleza kwa nini haziwezi kubeba habari ya mtoto mdogo. Wasia ni utanzu wa mzazi anayeondoka. Mwana Kupona anasema akijua kwamba hatakuwapo. Hata mwusiaji aliye mzima huweka maneno yake kama akiba ya siku ambayo hatakuwapo kuyasema. Mtoto anabaki, mzazi anakwenda. Katika miaka ya mwanzo ya mtoto mwendo ni kinyume. Mzazi ndiye aliyeketi pale pale, na mtoto ndiye anayeondoka, hatua tatu leo, hatua kumi kesho. Uchungu wa mwendo huu ni mwingine kabisa, na utanzu wa wasia hauna mahali pa kuuweka.

Riwaya nayo haikuliziba pengo. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, Zakaria anamchunga bintiye kwa fimbo, na kumpiga kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana. Rosa anapokwenda masomoni, mbali na jicho la baba, uhuru unamkuta hana mazoea nao. Riwaya hiyo husomwa kama onyo dhidi ya malezi ya ukali, na ndivyo ilivyo. Ila msomaji anakutana na Rosa akiwa msichana wa shule. Haonyeshwi kama Zakaria aliwahi kumtazama mtoto huyo akianguka na kuinuka mwenyewe, na akavumilia. Mazoea ya kuachia, kama yapo, huanza huko. Mzazi aliyeyakosa wakati wa hatua za kwanza hayapati kwa urahisi wakati wa barua za mapenzi.

Sababu za kimya

Yapo maelezo mepesi ya kimya hicho, nayo yanafaa kupimwa. La kwanza ni kwamba kalamu ilishikwa na wanaume, na mtoto mdogo alikuwa mikononi mwa wanawake. Maelezo hayo yanaanguka mbele ya Mwana Kupona, aliyekuwa mwanamke, mama, na mshairi hodari, naye hakuimba juu ya hatua za mwanawe. La pili ni kwamba utenzi ulitaka mambo makubwa: dini, vita, maadili. Hilo lina uzito zaidi. Lakini utenzi huo huo wa Mwana Kupona unaingia hadi katika udi, maua, usafi wa nyumba na usingizi wa mume. Utanzu unaokubali mambo hayo usingeshindwa na mtoto anayetambaa.

Yamkini sababu ya tatu ndiyo yenye nguvu. Katika jamii za pwani, mtoto mdogo hasifiwi ovyo. Anayemsifu hutakiwa aseme Mashaallah, na mama mwenye hofu ya husuda humfunga mwanawe hirizi. Katika karne ya 19, ambapo watoto wengi walifariki kabla ya kuota meno yote, kutangaza kwamba mtoto amesimama kulikuwa kama kumwita mwenye jicho baya aje amtazame. Kimya cha washairi, basi, kisichukuliwe kuwa dalili ya kutojali. Huenda kilikuwa namna ya kinga. Aliyetaka kuyasema mapenzi hayo aliyasema kwa siri, ndani ya wimbo wa kubembeleza usiotoka nje ya chumba, au aliyaacha ndani ya maneno ya kila siku ambayo hakuna mwenye husuda angeyashuku.

Ushahidi wa vitenzi

Mtoto mchanga karibu hana kitenzi kilicho chake, ila kulia. Hunyonyeshwa, hulishwa, hunyweshwa, huogeshwa, huvishwa, hulazwa, hubebwa. Vingi katika vitenzi hivyo vimenyambuliwa mara mbili, kwa kauli ya kutendesha na kauli ya kutendwa. Katika sentensi "Mama anamlisha mtoto", mama ni kiima na mtoto ni yambwa. Miezi inapopita, minyambuliko hiyo huanza kudondoka. Kukalishwa kunakuwa kukaa. Kusimamishwa kunakuwa kusimama. Kutembezwa kunakuwa kutembea. Kulishwa kunakuwa kula, na mwisho kabisa, baada ya mabishano mengi ya jioni, kuogeshwa kunakuwa kuoga. Aghalabu kitenzi hufupika kadiri mtoto anavyorefuka.

Lakini kinachodondoka si kiambishi tu. Katika "Mama anamlisha mtoto" wamo watu wawili. Katika "Mtoto anakula" yumo mmoja. Aliyekuwa kiima jana hamo katika sentensi ya leo. Lugha haikusema kwamba amefukuzwa wala kwamba amesahauliwa. Imeacha tu kumtaja.

Mwanaisimu anaweza kupinga hapa, tena kwa haki. Unyambuaji ni kanuni ya sarufi; hutumika kwa ng'ombe anayelishwa na kwa gari linaloegeshwa, wala haukubuniwa kwa ajili ya huzuni za wazazi. Hayo ni kweli. Hoja haidai kwamba sarufi ilikusudia lolote. Inadai kwamba mzungumzaji hupita ndani ya sarufi hiyo kila siku, na kwamba kuna alama moja inayoonyesha kuwa anasikia kinachotukia. Alama hiyo ni neno mwenyewe. Mama husema: "Siku hizi anakula mwenyewe." Hakuna asemaye juu ya mtu mzima mwenye afya kwamba anakula mwenyewe. Neno hilo huongezwa pale tu ambapo palikuwa na mtu wa pili, na mtu huyo ametoka. Baada ya mwaka mmoja au miwili hata neno mwenyewe hudondoka, ikabaki "anakula". Hapo mabadiliko yamekamilika, na mara nyingi mzazi hakumbuki ni siku gani aliacha kulisema.

Kitenzi kimoja kinakwenda kinyume na vingine, nacho kinastahili kutazamwa kwa makini. Kuachisha ziwa ni kutendesha kwa kuacha. Katika kulisha na kuvisha, mzazi hutenda ili mtoto apate kitu kutoka kwake. Katika kuachisha, mzazi hutenda ili mtoto amwache. Yeye ndiye kiima wa tendo ambalo mwisho wake ni yeye kuachwa. Kiswahili kina neno jingine la tendo hilo hilo, likiza, ambalo maana yake nyingine ni kumpa mtu ruhusa aondoke katika kazi au shughuli. Leo likiza kwa maana ya kuachisha ziwa halisikiki sana, na watu wengi wanalijua kupitia kwa mtoto wake, likizo, ambayo ni ya walimu, makarani na wanafunzi. Hata hivyo ndani ya neno hilo la ofisini imo picha ya mama anayempa mwanawe ruhusa ya kwanza maishani. Ruhusa hiyo mtoto huipokea kwa kilio.

Baada ya ziwa huja miguu. Hapa lugha ina msamiati wake maalumu: mtoto husota, hutambaa, husimama dede, huenda tata. Dede ni kule kusimama kwa kuyumba, ambako mwangaliaji hajui kama kutaishia katika hatua au katika anguko. Neno hilo halisemi mtoto amesimama. Linasema mtu mwingine anamtazama akisimama na roho iko juu. Hatumwambii askari asimame dede isipokuwa kwa dhihaka. Ni neno la mtazamaji mwenye mapenzi, na kwa hiyo ni la mzazi kuliko la mtoto.

Mtoto anayesimama dede hutegemea ukuta, kigoda, au upindo wa nguo ya mamaye. Maana ya kwanza ya kutegemea ni hiyo ya mwili: kuweka uzito wako juu ya kitu kingine. Neno kujitegemea lilipata utukufu wa kisiasa mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, likawa neno la mataifa na mashamba ya shule. Lakini ukilichukua kwa maana ya mwili lina kitendawili ndani yake: mtu huwezaje kuegemea juu ya nafsi yake? Jibu limo katika dede. Mkono unauacha ukuta, na kwa muda wa pumzi mbili uzito hauko juu ya kitu chochote ila miguu yenyewe. Taifa au mtu mzima hujitegemea kwa istiari. Mtoto ndiye ajitegemeaye kwa hakika.

Methali mbili za kilio

Methali za malezi hugawanywa madarasani katika makundi mawili yanayopingana. Katika kundi moja huwekwa "Samaki mkunje angali mbichi" na "Mchelea mwana kulia hulia yeye". Katika jingine "Mtoto akililia wembe, mpe". La kwanza husemwa kuwa la kukaza, la pili la kulegeza. Zoezi hilo ni zuri kwa mtihani, lakini linaficha jambo.

Methali ya mchelea mwana na methali ya wembe zote zina mtoto anayelia na mzazi anayesikia. Katika ya kwanza, mzazi anaambiwa asimpe mtoto atakacho kwa kuogopa kilio. Katika ya pili anaambiwa ampe, ingawa anaogopa jeraha. Kinachokatazwa katika zote mbili ni kitu kimoja: hofu ya mzazi isiwe ndiyo inayoamua. Methali hizo zinakubaliana juu ya mzazi, na kutofautiana juu ya wakati. Upo wakati wa kuzuia na upo wakati wa kuachia, na mzazi aliyetawaliwa na woga atakosea katika nyakati zote mbili, kwa sababu atakuwa anautuliza moyo wake akidhani anamlea mtoto.

Tena methali ya wembe haipaswi kusomwa kana kwamba wahenga waliwapa watoto nyembe. Husemwa baada ya maneno kwisha. Kabla ya "mpe" kuna "usiguse" nyingi ambazo methali haikuzihifadhi. Mzazi wa mtoto wa miaka miwili anazijua zote. Ufupi wa "mpe" ni ufupi wa mtu aliyechoka, na ndani ya uchovu huo imo hekima iliyofikiwa kwa shida: kwamba mkono wa mzazi hauwezi kusimama milele kati ya mtoto na kila chenye makali. Ulimwengu, ambao katika methali nyingine unamfunza asiyefunzwa na mamaye, unaanza kazi yake mapema, kwa jiwe la kujikwaa na jiko la moto, mama akiwa bado yupo.

Kisogo

Methali iliyo karibu zaidi na jambo hili ni "Mwana hutazama kisogo cha nina". Hufasiriwa kuwa mtoto huiga mwenendo wa mzazi, na tafsiri hiyo ni sahihi. Lakini kabla ya kuwa fumbo, methali hii ni maelezo ya mahali. Mtoto aliyebebwa mgongoni anaona kisogo cha mamaye, na zaidi ya hapo haoni mengi. Mama naye hamwoni mtoto. Anamhisi: uzito, joto, pumzi shingoni. Katika miezi ile ya ukaribu mkubwa kuliko wote, mbebaji hamtazami abebwaye.

Siku mtoto anaposhushwa, akasimama dede, kisha akaenda tata kuelekea mlangoni, mambo hugeuka. Sasa mama ndiye anayetazama kisogo. Kutazama kunaanza pale kubeba kunapokwisha. Methali imetaja nusu ya kwanza na kunyamaza juu ya ya pili, kama tenzi zilivyonyamaza. Lakini aliyewahi kumbeba mtoto akamshusha anaimaliza mwenyewe. Na kitenzi anachobaki nacho, baada ya kulisha, kuvisha na kulaza kumponyoka kimoja kimoja, ni kumwangalia mtoto. Katika Kiswahili kuangalia ni kutazama na pia ni kutunza. Kitenzi hicho hakigusi mwili wa mtoto. Mzazi anarudi ndani ya sentensi akiwa kiima tena, ila sasa kwa mbali.

Ikiwa hoja hizi zina ukweli, basi kazi ya idara za lugha za Kiafrika iko wazi. Nyimbo za kubembeleza watoto aghalabu hunakiliwa maneno bila ya kutajwa mtoto alikuwa na umri gani, nani aliimba, na wimbo uliachwa lini. Swali hilo la mwisho ndilo la maana zaidi, kwa sababu wimbo wa kubembeleza nao ni kitu ambacho mtoto hukiacha. Jambo hili halihusu Kiswahili peke yake. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya Wagikuyu, alieleza kwamba elimu ya mtoto huanza katika nyimbo hizo, ambazo hubeba historia ya jamaa na ukoo. Ikiwa ndivyo, kila lugha ya Kenya ina msamiati wake wa dede na tata, na nyimbo zake, na methali zake za kisogo, na kuzilinganisha kungetufunza mengi kuliko kulinganisha wasia peke yake.

Wakati nao haungoji. Katika miji mingi leo, wazazi wote wawili huenda kazini, na anayeishuhudia hatua ya kwanza ni yaya. Mama huipata habari hiyo jioni au kwa simu. Mtoto huingia chekechea kabla nyimbo hazijaisha. Hayo si ya kulaumiwa, kwani maisha ndivyo yalivyo. Lakini maneno yanayozaliwa kwa kutazama hufa pale wenye kuyatumia wanapokosa nafasi ya kutazama. Likiza limekwisha kupotea katika vinywa vingi, dede linafuata. Mtafiti atakayeketi uani na daftari lake, karibu na yaya au nyanya amwangaliaye mtoto, na kuandika kile kinachosemwa katika muda ule ambapo mkono mdogo unauacha ukuta, atakuwa ameiongezea fasihi ya Kiswahili sura ambayo washairi wake wakubwa waliiacha wazi.